Taa Nyekundu Si Adui: Tafakari Juu ya Magari Yetu Makuukuu



Juma hili naomba tushuke kidogo kutoka mimbarini, twende hadi uwanjani yanapoegeshwa magari. Parokia nyingi za kwetu, hasa za vijijini, hutegemea gari moja aina ya Toyota HiAce, lile ambalo wengi tumezoea kuliita kipanya. Mara nyingi limekwisha kupita katika mikono ya watu watatu au wanne kabla ya kutufikia. Hubeba kwaya, hubeba mgonjwa usiku wa manane, hubeba jeneza na wafiwa, na siku za kawaida hubeba watoto wa chekechea. Pasipokuwa na gari la parokia, waamini huchanga wakakodi la jirani. Kwa hiyo afya ya gari hilo si shauri la dereva peke yake, bali ni shauri letu sote tunaoketi ndani yake.

Rai yangu ni moja, nami naitamka mapema ili msomaji apate kuipima: kuizima taa ya tahadhari kwenye dashibodi bila kuutafuta ugonjwa ulioiwasha ni kusema uongo, na uongo wa namna hiyo unaweza kuua. Natumia neno zito kwa makusudi, kwa kuwa desturi yenyewe imekuwa nyepesi mno miongoni mwetu. Taa inawaka, abiria wanaanza kuuliza maswali, mwenye gari anakasirika, na fundi anatafuta njia ya mkato: anachomoa balbu, anakata waya, au anabandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa. Wote wanarudi nyumbani wakiwa na amani, ila gari halijapona. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Katika masomo ya mantiki tulifundishwa kutenganisha ishara na kitu kinachoashiriwa. Moshi si moto, na kuupunga moshi kwa kanga hakuzimi moto. Taa ya dashibodi nayo ni ishara. Nyekundu kwa kawaida husema, simama ukatazame. Ya manjano husema, usichelewe kunipeleka kwa fundi. Hakuna hata moja inayosema kwamba tatizo ni balbu.

Tuanze na jambo ambalo hata asiyejua gari anaweza kulifanya. Dereva anapozungusha ufunguo hatua ya pili, kabla ya kuiwasha injini, taa ya chaji yenye picha ya betri na taa ya oili yenye picha ya kopo hazina budi kuwaka. Huo ndio wakati gari linapotuonyesha kwamba balbu zake zi hai. Injini ikisha kunguruma, taa hizo huzimika. Basi, taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, maana inayowaka inasema na isiyowaka imezibwa mdomo. Kikundi kimoja cha akina mama hapa kwetu kiliwahi kuletewa kipanya cha kununua, kimepakwa rangi vizuri, viti vimeshonwa upya. Kijana mmoja aliyesomea ufundi aliomba ufunguo, akauzungusha bila kuwasha injini, akaona sehemu ya taa ya oili iko giza. Dashibodi ilipofunguliwa, balbu ilikuwa haipo, na kishikio chake kilikuwa safi bila vumbi. Akina mama wakabeba fedha zao wakarudi nazo nyumbani. Kipimo kile hakikuchukua hata dakika moja.

Sasa tuingie ndani zaidi, kwenye taa ambayo nadhani ndiyo inayodharauliwa kupita zote, yaani taa ya chaji. Madereva wengi huiona kuwa shauri la betri tu. Husema, betri ina nguvu, tutafika. Ni kweli kwamba gari la dizeli la mtindo wa zamani laweza kuendelea kwenda muda mrefu hata altaneta ikiwa imekufa, kwa sababu injini yake haihitaji cheche za umeme. Lakini hapo ndipo penye mtego. Katika HiAce zenye injini za dizeli za 2L na 3L, pampu ya vakyumu inayousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki imefungwa nyuma ya altaneta, na huzungushwa nayo. Injini ya dizeli haijitengenezei mvuto wa hewa wa kutosha kama ile ya petroli. Hutegemea pampu hiyo. Mkanda ukikatika, altaneta husimama, na pampu husimama pamoja nayo. Dereva hubakiwa na msaada wa breki wa kukanyaga mara chache tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Zaidi ya hayo, mikanda hiyo hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya maji, hivyo joto la injini nalo litapanda.

Fikirini basi gari lililojaa wanakwaya likiteremka Kitonga, au likishuka kutoka Lushoto kupitia Soni kuelekea Mombo. Taa ndogo yenye picha ya betri inawaka. Dereva aliyefundishwa kwamba ni ya betri tu anaendelea kuteremka. Kumbe taa ile, kwa gari lile, ilikuwa ikizungumza habari za breki. Na ikiwa balbu ilichomolewa mwaka uliopita ili abiria wasiulize maswali, hakuna aliyeambiwa lolote.

Je, fundi mwaminifu hufanyaje taa hiyo inapowaka? Huanza na kilicho rahisi na kisicho na gharama. Hutazama kwanza kama mkanda upo, kama umekaza, kama haujachanika wala kulowa oili. Kisha hutazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale ni kizuizi cha umeme; huoshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, baada ya kufungua kichwa cha hasi kwanza, na wakati wa kurudisha, hasi hufungwa mwisho. Baada ya hapo huchukua mita na kupima. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma chini ya 12, imekwisha kabisa au karibu. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kisipopanda, chaji haiingii. Kikipita 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika, na betri itachemka huku balbu zikiungua moja baada ya nyingine.

Hatua hizo zote hazihitaji hata spea moja. Linganisheni na yale tunayoyaona mara kwa mara: taa imewaka, mwenye gari ananunuliwa betri mpya, taa bado inawaka, ananunuliwa altaneta iliyotumika, taa bado inawaka, ndipo mtu anagundua kwamba waya mmoja nyuma ya altaneta ulikuwa umelegea. Fedha ya mchango wa waamini imekwisha kuteketea. Wapo pia wanaojaribu altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, na ikiendelea kunguruma husema altaneta ni nzima. Kwa gari la dizeli jaribio hilo halithibitishi kitu, na kwa gari lolote laweza kuruhusu umeme kuruka ghafla na kuua kidhibiti chenyewe, redio, au kompyuta ya gari. Huko ni kumpima mgonjwa kwa kumpiga rungu.

Ugonjwa mwingine wa magari makuukuu ni waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini na bodi hadi upande hasi wa betri. Kutu, vumbi, chumvi ya hewa ya pwani na maji ya kuoshea injini huula taratibu. Dalili zake huwafanya watu waseme gari lina mashetani: ukiwasha indiketa, taa nyingine zinapepesa, ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto unapanda, stata inajikokota ingawa betri ni mpya. Hakuna shetani hapo. Umeme umenyimwa njia yake ya kurudi nao unatafuta njia za panya. Kipimo chake ni hiki: ncha moja ya mita iwekwe kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya au maungio yake ni mabovu. Mara nyingi dawa ni kufungua boliti, kukwangua kutu na rangi hadi chuma king'ae, na kufunga tena.

Kuhusu taa ya oili, sitasema mengi, kwa kuwa amri yake ni fupi: ikiwaka njiani, simama mahali salama, zima injini, pima oili kwa kijiti. Swichi ya mgandamizo wa oili huweza kufa, na waya wake huweza kugusa bodi, taa ikawaka bure. Lakini hayo huthibitishwa kwa kufunga geji ya kupimia mgandamizo mahali pa swichi. Mpaka geji iseme, taa ndiyo yenye haki ya kuaminiwa. Katika zile injini nilizozitaja, ile pampu ya vakyumu hulainishwa kwa oili ya injini. Mpira wake wa kupitishia oili ukipasuka, injini hukaushwa. Tazameni jinsi viungo vya gari moja vilivyofungamana.

Taa nyekundu ya breki huwaka hendibreki ikiwa juu, na huwaka pia mafuta ya breki yanapopungua kwenye kikopo chake. Wengi huongeza mafuta, taa inazima, wanashukuru. Yafaa tujiulize: mafuta yale yalikwenda wapi? Mfumo wa breki umefungwa; haunywi. Ama pedi zimelika hadi mafuta yakateremka kuzifuata, ama yanavuja mahali fulani. Kuongeza mafuta bila kutafuta mvujo ni sawa na kumwekea damu mtu ambaye kidonda chake hakijafungwa.

Ipo pia taa ya chujio la dizeli, inayowaka maji yanapojaa chini ya chujio. Hiyo tiba yake ni nafuu mno: kulegeza kizibo cha chini, kuyamwaga maji, kufunga na kupampu kwa mkono. Na ipo taa ya mkanda wa taimingi, iliyoandikwa T-BELT. Hii inahitaji kueleweka vizuri. Haiutazami mkanda wenyewe. Inahesabu kilomita tu, kwa kawaida 100,000, kisha inawaka. Kwa hiyo mita ya kilomita ikiwa imechezewa kabla gari halijauzwa, taa hiyo haitujui wala haitatuonya. Mwenye busara akinunua gari lisilo na ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, huubadilisha mara moja. Ukikatika katika injini hizo za dizeli, vali hugongana na pistoni, na gharama yake huzidi mara nyingi bei ya mkanda.

Kwa HiAce za petroli za miaka ya 1990 zenye sindano za kielektroniki, taa ya injini nayo inaweza kusema kwa namba. Kwenye soketi ya uchunguzi kuna vitundu vya TE1 na E1. Vikiunganishwa kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa na injini ikiwa imezimwa, taa hupepesa. Mapigo yakienda sawasawa bila kukatika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Yakija kwa mafungu, huhesabiwa kuwa namba ya tarakimu mbili. Lakini namba hiyo hutaja njia ya umeme yenye shida, haitaji spea ya kununua. Sensa yaweza kuwa nzima kabisa, ila waya wake umetafunwa na panya.

Mwisho katika orodha hii ni fyuzi. Katika kipanya cha kizazi kilichoanza mwaka 1989, injini iko chini ya viti vya mbele, na nyaya zinapita karibu na watu. Fyuzi ya ampea 10 ikiungua, imefanya kazi yake: imekufa ili waya usiungue. Anayeweka ya 30 mahali pake, au anayefunga kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara, amewaambia umeme uendelee hadi waya uwe ndio fyuzi. Anawasha jiko chini ya kiti cha abiria. Fyuzi inayoungua mara ya pili inataka mtu afuatilie waya, aanzie pale redio, king'ora na taa za mapambo zilipoungwa na fundi wa barabarani.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, na si ya kupuuzwa. Wa kwanza atasema: Padre, magari haya ni ya zamani, taa zake hudanganya. Nakubali kwamba hudanganya mara nyingine. Nimezitaja hapo juu swichi zilizokufa na nyaya zinazogusa bodi. Lakini taa ni shahidi, na shahidi haondolewi mahakamani kwa sababu tu ni mzee. Huhojiwa. Mita na geji ndizo zinazomhoji. Ikithibitika kwamba swichi ndiyo mbovu, ibadilishwe swichi, si kuondolewa balbu. Maana leo taa imedanganya, na mwezi ujao itakuwa na ukweli wa kusema wakati mdomo umekwisha kufungwa.

Wa pili atasema: hatuna fedha. Hili nalisikia kwa uchungu, kwa kuwa ninajua mifuko ya jumuiya zetu. Hata hivyo, karibu yote niliyoyaeleza, kukaza mkanda, kukwangua kutu, kumwaga maji, kupima volti, hugharimu muda kuliko fedha. Mita ya kawaida ni bei ndogo kuliko altaneta moja iliyonunuliwa kwa kubahatisha. Kinachotumaliza si umaskini peke yake, bali ni kukisia.

Wa tatu hasemi kwa sauti, naye ndiye ninayemhurumia zaidi, yaani dereva. Anajua kwamba jioni anadaiwa hesabu. Akiripoti taa, gari litalala gereji, hesabu haitatimia, na mwenye gari atamwuliza, umeliharibu wewe? Mara nyingine atakatwa ujira. Basi anajifunza kunyamaza, na baadaye anajifunza kuchomoa balbu. Tunamlaumu yeye, kumbe sisi tulimlipa ili anyamaze. Mwenye gari anayemwadhibu mleta habari mbaya amejiziba masikio mwenyewe, na siku ya ajali hana haki ya kusema hakuambiwa.

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia huduma ya kichungaji kwa wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva, na ya kwanza kati yake ni ile ya kutokuua. Wengi tunapoisikia tunafikiri mwendo kasi na ulevi. Nadhani yatupasa kuifikisha hadi kwenye dashibodi, na hadi kwa mwenye gari aliyeketi nyumbani akisubiri hesabu.

Basi napendekeza mambo manne, kwa parokia, vikundi na wenye magari ya watoto wa shule. Kwanza, kila gari liwe na daftari lake, dereva aandike taa iliyowaka, tarehe, na hali ilivyokuwa: kwenye mlima, kwenye mvua, taa kubwa zikiwa zimewashwa. Fundi akisoma habari hizo anaanzia mbali. Pili, dereva anayeripoti tahadhari asikatwe hata shilingi kwa siku ambayo gari limelala. Tatu, fundi asibadili kifaa chochote cha umeme kabla ya kuandika alichopima na alichosoma. Nne, katika kila safari itengwe akiba ndogo ya matengenezo, isiguswe kwa jambo jingine hata kama ni jema.

Na sisi abiria tunalo letu. Kabla kwaya haijapanda gari la kukodi, kiongozi wake amwombe dereva kwa heshima: kaka, hebu tuonyeshe taa kabla hujawasha. Dereva mwema hatachukizwa. Stika ya ukaguzi kwenye kioo ni jambo jema, lakini inasimulia siku moja ya mwaka, ilhali taa za dashibodi zinasimulia leo. Zikiwaka zote na kuzimika injini ikishika, pandeni. Moja ikibaki, ulizeni. Na ile inayopaswa kuwaka isipowaka kabisa, teremkeni hata kama tamasha limeanza. Heri kufika mmechelewa na sauti zikiwa zimekauka kwa vumbi, kuliko majina yenu kusomwa na mimi katika ibada nisiyopenda kuiongoza.

Nawatakia juma jema, na safari salama kwa wote mtakaokuwa barabarani.